Zawadi ya Saa ya Mkononi kwa Mume: Ifaayo na Isiyofaa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hesabu ili waja wapate kujua nyakati za ibada zao. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe msomaji, kuwa zawadi ni jambo jema, na mke kumtunza mumewe ni jema zaidi. Lakini jema likiingiwa na haramu huharibika, kama maziwa yaingiwavyo na tone la najisi: hayanyweki tena, hata kama aliyeyakama alikuwa na nia safi. Katika zama hizi imekuwa ada ya wake wenye uwezo kuwanunulia waume zao saa za mkononi za thamani, siku ya arusi, au mume arudipo safari, au apatapo cheo. Na wengi wao huchagua saa ya dhahabu, kwa kudhani kuwa kilicho ghali ndicho kilicho bora. Risala hii yaeleza, kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, ni saa ipi imfaayo mwanamume kuivaa, ni ipi isiyomfaa, na mume afanye nini aletewapo ile isiyofaa.

SURA YA MAS'ALA

Na akadiriwe mtu wa pwani, wa Tanga au Unguja au Mombasa, aliyepanda bara mpaka ukingo wa Ziwa Viktoria kwa biashara, akaoa, akakaa Bujora. Bujora ni mahali katika Kisesa, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka Mwanza kwa njia iendayo Musoma, na pajulikana sana kwa nyumba ya makumbusho ya Wasukuma. Mkewe ni Muislamu, mwenye mali yake mwenyewe: auza mchele na dagaa, na kwa miaka kadhaa ameweka akiba kidogo kidogo. Ataka kumpa mumewe kitu ambacho atakivaa kila siku, na kila akitazamapo amkumbuke. Akenda mjini Mwanza, muuzaji amwonyesha saa mbili: moja ya chuma kisichoshika kutu, na moja ya dhahabu ya karati 18. Kisha amwambia kuwa ile ya dhahabu ndiyo saa ya mtu mzima, na ile nyingine ni ya vijana.

Wala si ajabu dhahabu kumvuta mtu katika nchi ile. Ng'ambo ya ghuba ya Mwanza iko Geita, ambako mgodi mkubwa umekuwa ukichimbwa tangu mwaka 2000. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, watu wakawa wavuka ghuba ile kwa miguu yao na magari yao. Na mwaka 2021 kilifunguliwa mjini Mwanza kiwanda cha kusafishia dhahabu. Basi dhahabu pale si khabari ya kusikia kwa mbali, bali ni mazungumzo ya sokoni.

Mwanamke huyu hana ubaya wa nia. Suali ni mbili: anunue ipi? Na akiisha kuinunua ile ya dhahabu, mumewe afanyeje?

FASLI YA KWANZA: Mali ya mke na zawadi yake

Jua kwanza kuwa mali ya mke ni yake. Ndoa haikumpa mume mlango wa kuingilia sanduku la mkewe. Anachompa mumewe kwa radhi ya moyo ni halali kwa mume. Na Kurani imebainisha hayo katika Suratun Nisaa, katika khabari ya mahari, kuwa mke akiridhia mwenyewe kumwachia mumewe sehemu yake, mume na aile kwa raha. Na katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Zaynab mke wa Abdallah bin Masud alipouliza juu ya kumpa mumewe sadaka yake, alijibiwa kuwa apata ujira mara mbili: ujira wa ujamaa na ujira wa sadaka.

Lakini radhi ya moyo ndiyo sharti. Mume ambaye kila siku amsifia mkewe saa ya jirani, akanuna, akamtolea mifano ya wake wa watu, hata mke akanunua kwa kuona haya, huyo asidhani kuwa amepewa. Wanavyuoni wa madhehebu wamesema kuwa kilichotwaliwa kwa nguvu ya haya hukumu yake ni kama kilichoporwa. Na mume aliyezuia nafaka ya nyumba, kisha akapokea saa ya thamani kutoka kwa mke yule yule anayejinunulia unga, huyo amevaa deni mkononi.

Na hiba hutimia kwa kutoa, na kukubali, na kukabidhi. Saa ikiisha kukabidhiwa kwa idhini ya mke, imekuwa ya mume, wala mke hana rejeo. Haya yashikwe, kwani yatahitajiwa mbele.

FASLI YA PILI: Dhahabu juu ya mwili wa mwanamume

Imepokewa na Abu Daud na Nasai kutoka kwa Sayyidna Ali, radhi za Mungu ziwe juu yake, kuwa Mtume alitwaa hariri kwa mkono wa kuume na dhahabu kwa mkono wa kushoto, akabainisha kuwa viwili hivyo ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Na Tirmidhi amepokea mfano wake kutoka kwa Abu Musa al-Ashari, na humo imebainishwa kuwa vyahalalika kwa wanawake.

Na katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas, mna khabari ya mtu aliyekuwa na pete ya dhahabu. Mtume aliivua mkononi mwake akaitupa, akaifananisha na kaa la moto ambalo mtu hulitwaa akaliweka mkononi mwake. Mtume alipokwisha kwenda zake, watu walimwambia yule bwana aiokote pete yake ajinufaishe nayo. Naye akaapa kuwa hataitwaa kabisa, maadamu imetupwa na Mtume wa Mungu.

Basi pete, ambayo uzito wake ni gramu chache, imekatazwa. Itakuwaje saa, ambayo pamoja na mkufu wake hupindukia gramu 100?

Akisema mtu: saa si pambo, ni chombo cha kujulia wakati, na wakati ni dharura ya Muislamu kwa sala zake. Jawabu: dharura huangaliwa mahali pasipo badala. Arfaja bin Asad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akafanya pua ya fedha ikamnukia, Mtume akamwamrisha afanye ya dhahabu. Nayo imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Pale fedha ilishindwa, dhahabu ikaruhusiwa. Ama saa, ya chuma yaeleza saa ile ile. Jua halichi mapema kwa sababu mishale ni ya dhahabu.

Na akisema mwingine: ataitia mfukoni kwa mnyororo, asiivae mkononi. Jawabu: kutumia chombo cha dhahabu kumekatazwa vile vile, na mfuko hauondoi hukumu.

FASLI YA TATU: Aina za saa na hukumu zake

Wauzaji wana majina mengi, na mnunuzi asiyejua majina hayo huingia haramuni macho yakiwa wazi. Basi haya ni maelezo yake.

Ya kwanza, dhahabu ya manjano au nyekundu. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 maana yake ni sehemu 750 katika 1000. Karati 14 ni sehemu 585. Karati 9 ni sehemu 375. Kilichobaki ni shaba au fedha au madini mengine ya kuifanya iwe ngumu. Zote hizi ni haramu kwa mwanamume, wala kuchanganywa na shaba si udhuru.

Ya pili, dhahabu nyeupe. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Dhahabu nyeupe si fedha, wala si chuma, wala si platinamu. Ni dhahabu ile ile, sehemu 750 katika 1000 ikiwa ni karati 18, iliyochanganywa na madini meupe kama nikeli au paladiamu. Hukumu hufuata kitu chenyewe, haifuati rangi. Mwenye kuvaa hiyo amevaa dhahabu, ijapokuwa watu wadhani ni chuma.

Ya tatu, saa ya chuma yenye sehemu ya dhahabu. Ziko saa nyingi za thamani ambazo mwili wake ni chuma, lakini duara la kuzunguka kioo ni la dhahabu, au mkufu una pingili za dhahabu katikati. Na ziko nyingine, katika hizo baadhi ya saa za Rolex za chuma, ambazo alama za saa juu ya uso wake zimefanywa kwa dhahabu ili zisififie. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa pete ya fedha ikiwa na meno ya dhahabu ya kushikia jiwe, basi kwa kauli sahihi ni haramu. Na meno ya pete ni kitu kidogo mno. Kwa kuipima saa kwa kipimo hicho, duara na pingili hazina njia. Na alama za saa zastahiki kuepukwa na kila mwenye kuitunza dini yake. Mnunuzi na aulize: katika saa hii mna dhahabu mahali popote? Na atake jawabu kwa maandishi ya dhamana.

Ya nne, iliyotiwa maji ya dhahabu. Kanuni ya madhehebu ni kuwa hutazamwa: lau ingetiwa motoni, je, pangekusanyika dhahabu kitu? Kikikusanyika, kuivaa ni haramu. Kisipokusanyika, kwa kuwa ni rangi tu iliyopakwa, kuivaa si haramu. Lakini kitendo chenyewe cha kuipaka dhahabu ni haramu kwa kila hali. Na kwa kuwa mnunuzi hana moto wa kujaribia dukani, kuiacha ndiyo salama.

Ya tano, fedha. Mwanamume ameruhusiwa pete ya fedha, na kupamba zana za vita kama upanga. Saa ya mkononi si pete wala si upanga; imo zaidi katika sura ya kikuku, na kikuku cha fedha kwa mwanamume, kwa kauli iliyotegemewa, hakifai. Basi saa ya fedha tupu na iachwe.

Ya sita, chuma kisichoshika kutu, titani, platinamu na mfano wake. Hivi havimo katika katazo la dhahabu na fedha, na asili ya vitu ni uhalali. Ama vito, Imamu Shafi'i amesema katika kitabu cha Umm kuwa hachukii mwanamume kuvaa yakuti na zabarjadi illa kwa upande wa israfu na majivuno. Ama lulu amezichukia kwa upande wa adabu, kwa kuwa ni vazi la wanawake, si kwa uharamu.

Na asidhani mtu kuwa kuchagua chuma ni kumpa mume kitu duni. Mwaka 1972 wafanyaji saa wa Uswisi, Audemars Piguet, walitoa saa ya chuma waliyoiita Royal Oak, wakaiuza kwa bei iliyoshinda saa nyingi za dhahabu. Na tangu hapo mafundi wakubwa wa dunia hufanya saa za chuma kwa ustadi wote walio nao. Thamani ya saa imo katika ufundi wa magurudumu yake. Na palepale Bujora, ngoma za watemi wa Kisukuma zilizohifadhiwa makumbushoni ni za mti na ngozi, na hapana aliyesema kuwa watemi wale walikosa heshima kwa kukosa dhahabu.

Na kama mtu ataona shaka kuwa saa ya mkononi ni kujifananisha na wanawake, jawabu ni kuwa ada ndiyo hakimu katika mavazi. Hapo zamani wanaume wa Ulaya walitia saa mifukoni, na za mkononi zikawa zaidi za wanawake; ilipokuja vita ya mwaka 1914 hata 1918 askari walizifunga mikononi, na baadaye ikawa ada ya wanaume wote. Lakini na ichaguliwe yenye umbo la kiume, si lile linalojulikana kuwa la wanawake.

FASLI YA NNE: Mkanda, maji na udhu

Baada ya mwili wa saa, na utazamwe mkanda. Saa za thamani mara nyingi huwa na mkanda wa ngozi ya mamba. Katika madhehebu ya Shafi'i, kila ngozi ya mnyama hutwaharika kwa kutiwa dawa ya ngozi, illa ya mbwa na ya nguruwe. Basi mkanda wa ngozi ya mamba iliyotengenezwa ni twahara, na kusali nao kwafaa, ijapokuwa mamba mwenyewe haliwi. Ama ngozi ya nguruwe haitwahariki kabisa, na ziko mikanda iliyofanywa kwayo, na mingine ambayo juu ni ngozi ya ng'ombe na ndani, upande ugusao mkono, ni ya nguruwe. Mwenye kusali nayo hali ya kujua, sala yake ni batili. Asiyepata yakini na achague mkufu wa chuma au mkanda wa mpira. Na mkanda wa hariri tupu haumfai mwanamume, kwa hadithi iliyotangulia.

Kisha maji. Muislamu hutawadha kila siku, na mkono huoshwa mpaka kiwiko. Saa iliyobana ikazuia maji kufika kwenye ngozi, udhu hautimii. Yapasa aisogeze au aivue. Na saa ipatwayo na maji kila siku yataka iwe ya kustahimili. Saa iliyoandikwa mita 30 haina maana ya kuzama mita 30 majini: yastahimili marasharasha tu. Iliyoandikwa mita 100 yaweza kuogelewa nayo. Kwa mtu akaaye ukingo wa Ziwa, apandaye mashua na kutawadha mara nyingi, hii ya pili ndiyo imfaayo.

FASLI YA TANO: Bei, israfu na saa ya bandia

Saa moja ya fundi mashuhuri yaweza kufika makumi ya mamilioni ya shilingi. Na saa njema ya Kijapani, ya chuma, hupatikana kwa laki kadhaa. Zote mbili ni halali kwa asili yake. Mungu hakuharimisha pambo alilowatolea waja wake, lakini katika Suratul Aaraf amekataza israfu. Na israfu haina bei moja: hupimwa kwa hali ya mtu. Mwenye mali nyingi aliyetoa zaka yake na kutimiza haki za jamaa si sawa na muuza dagaa aliyemaliza akiba ya miaka, karo ya wanawe ikabaki hailipwi. Na akikopa kwa riba ili anunue zawadi, ameipamba mikono ya mumewe kwa vita ambavyo Mungu na Mtume wake wamewatangazia wala riba.

Na apendaye usahihi wa wakati na ajue kuwa bei haiendi pamoja nao. Saa za magurudumu zilizopimwa na kupewa hati huko Uswisi huruhusiwa kupungua sekunde 4 au kuzidi sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Basi ya bei ndogo huenda ikawa na usahihi zaidi ya ile kubwa, na mwenye kununua kubwa ajue kuwa amenunua ufundi na uzuri.

Ama saa ya bandia, iliyoandikwa jina la fundi asiyeifanya, kuiuza kwa jina hilo ni ghushi. Na mwenye kuinunua hali anajua, ili watu wamdhanie alicho sicho, na akumbuke hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: mwanamke mmoja aliuliza kama ana dhambi akijionyesha mbele ya mke mwenziwe kuwa amepewa na mumewe asichopewa. Mtume akamfananisha mwenye kujionyesha hivyo na aliyevaa nguo mbili za uongo.

FASLI YA SITA: Mume akiletewa saa ya dhahabu

Hii ndiyo roho ya risala. Mke amekwisha nunua. Ameifunga vizuri, ameiweka mbele ya mumewe baada ya chakula cha usiku, naye amngojea aifungue. Waume hapa ni wa namna tatu.

Wa kwanza huivaa. Ajua kuwa ni haramu, lakini aona haya kumvunja moyo mkewe. Huyu amemridhisha kiumbe kwa kumwasi Muumba, na kaa la moto halipoi kwa kuwa limeletwa na ampendaye.

Wa pili huitupa, akamkaripia mkewe, akamwita mjinga mbele ya watoto. Husema amefuata Sunna, kwani Mtume aliitupa pete. Huyu hakufahamu. Pete ile ilikuwa imekwisha valiwa, na aliyeivua ni Mtume mwenye amri. Hii bado haijavaliwa, na aliyeileta ni mke aliyejinyima. Na kama mke hakujua hukumu, ni nani aliyewajibika kumfundisha? Kurani katika Suratut Tahrim imewaamrisha waumini wajikinge wao na watu wao na moto, na wafasiri wameeleza kuwa ni kwa kuwafundisha. Mume aliyekaa na mkewe miaka kumi wala hakumwambia hata siku moja kuwa dhahabu ni haramu kwake, ujinga anaoukaripia ni wake mwenyewe.

Wa tatu ndiye mwenye fiqhi. Yeye huipokea kwa mikono miwili, humshukuru mkewe, humwombea baraka katika mali yake, kisha humweleza kwa upole kuwa zawadi imekubaliwa na kuvaa kumekatazwa. Na dalili ya kuwa mambo haya mawili huachana imo katika hadithi mbili zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume alimpelekea Sayyidna Umar nguo ya hariri. Umar akaja kuuliza, kwani alikwisha msikia akiikataza. Mtume akambainishia kuwa hakumpa ili aivae. Na Umar akampa ndugu yake aliyekuwa Makka. Na Sayyidna Ali alipewa vazi la hariri akalivaa, akaona ghadhabu katika uso wa Mtume, basi akalipasua akawagawia wanawake wa nyumba yake. Hariri na dhahabu kwa wanaume zimefungwa kamba moja. Basi kumiliki kwafaa, na njia ya kujinufaisha iko: kuuza, au kukipeleka kwa wale waliohalalishiwa.

Kwa hiyo mume na aiuze saa ile, kwa maafikiano na mkewe ili moyo wake utulie. Kwa sehemu ya thamani yake anunue saa ya chuma. Na kwa kilichobaki amnunulie mkewe bangili. Hivyo dhahabu itarudi kwenye mkono ambao kwake ni pambo la halali, na chuma kitakaa kwenye mkono wa mume, na kila mmoja atakuwa amevaa zawadi ya mwenziwe.

Lakini hapa pana tahadhari kubwa. Wako watakaokwenda kwa sonara wakatoa saa ya dhahabu wakachukua bangili za dhahabu papo hapo, wakalipana tofauti. Hayo hayafai. Dhahabu kwa dhahabu ni lazima iwe sawa kwa uzito na mkono kwa mkono. Na saa si dhahabu peke yake: ina kioo na magurudumu. Fadhala bin Ubayd alinunua siku ya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenga akaona dhahabu yake yazidi dinari 12. Akamtajia Mtume, naye akakataza kisiuzwe mpaka kitengwe. Imepokewa na Muslim. Basi njia salama ni kuiuza saa kwa shilingi, na kuzikabidhi shilingi zote pale pale. Kisha kwa shilingi hizo, kwa mapatano mengine, kununua bangili, pia mkono kwa mkono. Na haya yawakhusu zaidi watu wa Mwanza na Geita, ambako huenda mtu akataka kutoa dhahabu ya mgodini achukue saa ya dhahabu.

Wala asiifungie sandukuni kuwa ni kumbukumbu. Katika vyombo vya dhahabu, kauli sahihi ya madhehebu ni kuwa hata kuviweka bila ya kuvitumia hakufai. Na juu ya hayo iko zaka. Pambo la halali la mwanamke halina zaka kwa kauli iliyo dhahiri. Pambo lililo haramu lina zaka. Nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, kama gramu 85. Saa ambayo dhahabu yake ya karati 18 ni gramu 120 ina dhahabu tupu gramu 90: imepita nisabu, na kila mwaka ukitimia yapasa robo ya ushuri, yaani gramu 2 na robo. Na ikiwa chini ya nisabu, huongezwa juu ya dhahabu nyingine aliyo nayo mwenyewe yenye kupasiwa zaka.

FASLI YA SABA: Saa na jua

Limebaki neno moja kwa watu wa pwani. Mtu aliyevaa saa ya halali, sahihi kwa sekunde, huenda bado akaharibu saumu yake. Tanganyika yote, na Unguja, na Mombasa, hufuata saa moja ya serikali. Lakini jua halifuati serikali. Unguja na Mombasa zimo katika digrii ya 39 na kidogo ya mashariki. Bujora imo katika digrii ya 33 na kidogo. Kila digrii moja ni dakika 4. Basi jua huchwa Bujora kama dakika 25 baada ya kuchwa pwani, na kwa majira huzidi au kupungua kidogo. Mtu aliyekuja Mwanza na ratiba ya kwao, akafuturu kwa saa yake mpya jua likali juu ya Ziwa, saumu ya siku ile imebatilika na yampasa kulipa. Na Maghribi aliyoisali kabla ya wakati haikusihi.

Saa ni mtumishi. Bwana wa wakati ni jua. Mume na aitwae ratiba ya mahali alipo, na kwanza alitazame jua kwa macho yake.

KHATIMA

Kwa muhtasari: mke na achague saa ya chuma au mfano wake, isiyo na dhahabu ya manjano wala nyeupe, yenye mkanda twahara, yenye kustahimili maji, kwa bei isiyovunja nyumba, kwa fedha isiyo ya riba, yenye jina la kweli. Na mume asingoje mpaka kifurushi kifunguliwe mbele yake ndipo amfundishe mkewe. Na amwambie leo, kwa maneno mazuri, wakiwa wamekaa barazani. Kwani kumwambia leo hakuna gharama, na kumwambia baada ya akiba ya miaka kwisha ni uchungu kwa wote wawili.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba za Waislamu, azifanye zawadi zao kuwa sababu ya mapenzi duniani na salama akhera. Amin. Na Mungu ndiye Mjuzi zaidi.